Kanda ya Harusi ya Bi Balqis

Baba yangu hawezi kutazama televisheni kimya. Hajapata kuweza, na sasa macho yanapomtupa mkono ndiyo kabisa, maana asichokiona anakifidia kwa kelele. Anavuta kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo, anapinda shingo ili atumie ile pembe ya jicho la kushoto iliyobaki, halafu anaanza. "Kata! Kata hapo! Huyu mwanamke anamlilia mumewe au anapigia simu duka la dawa? Nani kaandika haya?" Mie niko jikoni, mikono imejaa unga, nampigia kelele: "Baba, hawakusikii hao! Washarikodi wakenda zao!"

"Ndiyo makosa yao," ananijibu. "Wangesikia."

Jina lake Khattab. Uliza mtu yeyote wa rika langu hapa Maskati aliyelelewa katika nyumba za watu wetu waliotoka Unguja, atakwambia, "Aa! Khattab wa Mlango wa Pili." Vijana hawamjui, na mie siwalaumu, watamjulia wapi? Lakini kulikuwa na miaka, jamani, kila Ramadhani ikiingia, watu wakishafuturu na kuswali magharibi, njia za Ruwi na Wadi Kabir zinabaki na paka tu. Watu wote wako ndani wanamngoja Bi Zuwena.

Mchezo wenyewe, huo Mlango wa Pili, ulikuwa wa Kiarabu, maana televisheni ni ya Kiarabu. Ila ile nyumba ilikuwa yetu. Ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ni wa wanaume na wageni wenye miadi. Wa pili uko ubavuni, wa wanawake, na mambo yote ya maana yanapita huo: posa, ugomvi, sahani za jirani, habari za nani kazaa na nani kanuna. Mwenye nyumba ni Bi Zuwena, kazaliwa Unguja, na Kiarabu chake kilikuwa kizuri mpaka akasirike. Akikasirika tu, Kiswahili kinamtoka chote. Tulikuwa tukicheka mpaka tunashika mbavu, na mama yangu, Mungu amrehemu, akicheka huku anafuta machozi, kwa sababu hakuna aliyewahi kututia sisi kwenye televisheni namna ile, na dosari zetu na mapenzi yetu.

Baba ndiye aliyeandika, na ndiye aliyetayarisha. Kazi ile kaianza akiwa kijana kule Unguja, akitunga michezo ya redio, akatujia nayo huku katika miaka ya sabini. Mchana alikuwa karani mfasiri afisini, jioni anakwenda kwenye studio ndogo ya watu binafsi iliyokuwa Ruwi, ambayo leo hata jengo lake halipo. Utayarishaji wa siku zile usiuone hivi hivi. Tukirudi skuli tunakuta sebule tupu, makochi yashachukuliwa studio. Mapazia vilevile. Mama akipika, anatafuta sufuria yake kubwa haioni, mpaka usiku ule anaiona kwenye televisheni, Bi Zuwena anakorogea uji! "Khattab, sufuria yangu!" Na Baba anacheka, anasema imepata bahati kuliko sisi, imeonekana nchi nzima. Mie naikumbuka sana ile sebule tupu, tumekaa chini kwenye mkeka, tunayatazama makochi yetu kwenye kioo. Natamani siku hata moja irudi.

Alikuwa na sharti lake moja katika kuandika, na hili ndilo lililokuja kuleta mambo. Akisema mwanamme hana ruhusa ya kumbunia mwanamke maneno. Akimbunia, anamvisha nguo ya kuazima. Lazima ayasikie kwanza. Bibi yangu, mama yake, alikuwa na wenzake waliokuja kila alasiri kudarizi kofia. Wanawake wanakaa chumba cha ndani, Baba anakaa majlis, chumba cha wanaume, na daftari gotini, baina yao pazia. Hakuchungulia hata siku moja, hilo nnaapa. Alisikiliza tu. Na bibi alijua, maana ndiye aliyekuwa akiuacha mlango wazi nyuma ya pazia na kusema kwa sauti, "Joto leo!"

Halafu madishi yakaja juu ya mapaa, michezo mikubwa ya nje ikaingia, na ile studio ikafa. Kanda zao, kumbe, zilikuwa zikifutwa na kurikodiwa tena kila mwaka. Bi Zuwena walimrikodia matangazo ya matairi juu yake. Haikubaki hata dakika moja. Yaani kazi ya ujana wote wa baba yangu imebaki kuwa ni picha moja ya ukutani, yeye kashika kipaza sauti, nywele zimemjaa kichwani.

Mwaka huu daktari wa macho akatukalisha pale Ghubra, akatwambia kwa adabu kwamba presha ya macho imeshakula mshipa wa kuonea, na hicho kidogo kilichobaki nacho kinakwenda. Tulipofika garini Baba akasema, "Manal, mie sikuombi mengi."

"Omba, Baba."

"Nnataka kipindi kimoja tu cha Mlango wa Pili. Nikione. Baada ya hapo macho ni ya Mwenyezi Mungu, akiyataka ayachukue."

Basi nikahangaika mie! Nimeuliza jamaa, nimeuliza majirani wa zamani, nimeandika kwenye makundi yote ya simu mpaka watu wakaniomba ninyamaze. Kila mtu alikuwa nacho, na kila mtu alikitupa alipohamia nyumba mpya. Nikakaribia kukata tamaa.

Ndipo tukaenda kwenye hitima Azaiba. Kisomo kimekwisha, wanawake tunakunywa chai, Nawar, binti wa shangazi yangu, ananiuliza mbele za watu, "Mzee bado anatafuta kipindi chake? Si Balqis anacho!"

Bi Balqis alikuwa amekaa upande wa pili na kikombe chake. Ni mkubwa kwangu kidogo, mwanamke wa heshima zake, mkurugenzi mstaafu, hajulikani kwa makelele. Akakiweka kikombe chini. "Mie sina kipindi cha mtu," akasema. "Mie nna kanda ya harusi yangu."

"Si ndiyo hiyohiyo, kipindi kimo ndani," Nawar akasema.

"Siyo hiyohiyo!" Chumba kizima kikageuka. Hitimani! Akavaa buibui lake akaondoka bila ya kuaga.

Lo! Nilijua hapa pana kitu. Kesho yake nikanunua halwa, maana mkono mtupu haulambwi, nikaenda mpaka kwake Bustan. Kengele nilipiga mlango mkubwa, lakini dada anayemsaidia kazi, Anjelina, mtu wa Tanga, alinitokea kwa ubavuni. "Pitia huku tu, mama," akanambia. "Huu hatufungi kabisa. Watoto wake wanamgombeza, mimi namgombeza, wezi hawa, wezi hawa, wala hasikii. Halafu nakuonya, leo amenuna."

Kweli alikuwa amenuna. Lakini halwa ikapokewa, kahawa ikaja, na nilipomwambia habari ya macho ya Baba uso wake ukalegea. Akanihadithia.

Yeye kaolewa mwaka ule wa Mlango wa Pili wa mwisho, kabla ya Ramadhani. Siku ya wanawake ilirikodiwa na mpiga picha wa kike, na katikati ya sherehe mama yake, Bi Hajar, aliinuka mbele ya watu wote akampa bintiye maneno ya kuagana. Baada ya harusi Balqis akafuatana na mumewe kwenda kuishi Salala. Kanda ikabaki kwa mama. Ramadhani ikaja, siku ya kipindi cha mwisho, na mdogo wake Balqis, Humam, akatia kanda kwenye deki akarikodi. Hakutazama kanda gani. Akarikodi katikati ya harusi ya dada yake.

"Na kilichofutika ni mama," Bi Balqis akasema. "Mwanzo wa harusi upo, naingia. Mwisho upo, natoka. Pale mama anaposimama kusema, hayupo. Na kabla mwaka haujaisha mama akafariki. Sina picha yake nyingine inayotembea, Manal. Sina sauti yake. Kila nikifika pale namkuta yule mwanamke wa uongo wa baba yako."

"Humam alifanya makusudi?"

"Makusudi wapi! Mama mwenyewe ndiye aliyempigia kelele. Alikuwa kashachizika na kile kipindi. 'Rikodi wewe! Rikodi, rikodi!' Humam kababaika, kachukua kanda iliyo karibu. Maji yameshamwagika, nnajua. Lakini sijapata kukitazama kile kipande hata siku moja. Nakipeleka mbele mpaka nijione natoka."

Nikamwonea huruma, wallahi. Lakini mie nna wangu nyumbani. Nikamwambia, "Da Balqis, nipe nipeleke dukani wakihamishe kipindi tu, harusi waiache."

"Watajuaje kipi ni kipi bila ya kutazama? Humo mna wanawake vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza. Akae mwanamme dukani awakodolee macho? Nusu yao wamekufa. Aliyekufa hawezi kujitandia mtandio, Manal. Anatandiwa na sisi."

Hapo hana makosa, na mie nilijua hana makosa, na hilo ndilo lililonipandisha mori. Mdomo wangu hauna breki. "Baba yangu anapofuka!" nikamwambia. "Wewe umekalia kanda huitazami na humpi mtu!"

"Baba yako atakosa kuiona kazi yake. Mie nimekosa kumuona mama yangu. Na kilichomfuta ni hiyo kazi ya baba yako. Sasa wewe nambie, nani amwonee huruma nani?"

Nilitoka kwa kishindo, na nilipofika garini nikajiona nimevaa ndara za Anjelina.

Nyumbani nikamkuta Baba kitini, anangoja. Nikamweleza yote, na nilivyokuwa na hasira nikamweleza kwa ukali. "Haiwezekani, Baba. Yule mwanamke ana moyo wa jiwe."

"Balqis binti wa nani huyo?"

"Wa Bi Hajar. Si alikuwa akija kwa bibi kudarizi kofia?"

Baba alikuwa anapapasa fimbo yake. Akaacha. "Bi Hajar," akasema. Halafu akauliza, "Kipindi gani kilichorikodiwa?"

"Cha mwisho."

Akaiegemeza fimbo ukutani. Kisha akasema, "Basi. Mwambie sikitaki."

"Hukitaki? Baba! Miezi mizima unanikosesha raha!"

"Sikitaki tena. Lakini mwambie akitazame yeye. Asikipeleke mbele. Atulie asikilize tangu mwanzo mpaka mwisho, hasa mwisho."

"Kuna nini humo?"

"Nikikwambia itakuwa nimesimulia. Hili halisimuliwi."

"Mie si mjumbe wa mafumbo, Baba. Sema!"

"Wewe mjumbe wa ndara," akasema. "Si lazima uzirudishe?" Macho hana, lakini mtu akiingia kwa hatua za viatu visivyo vyake anasikia.

Nikazirudisha. Bi Balqis alinipokea mlangoni, huo wa ubavuni, bila ya tabasamu. Nikamwomba radhi kwa kelele zangu, akasema yamekwisha. Nikampa salamu za Baba kama zilivyo.

"Hakitaki?" akashangaa. "Baada ya yote hayo hakitaki?"

"Hakitaki. Anataka wewe ukitazame."

"Mie? Kwa faida gani?"

"Mie najua? Yule mzee kazi yake ilikuwa kuwaweka watu wangoje mpaka kesho. Hajaacha."

Nafikiri hilo ndilo lililomshika. Mtu akikung'ang'ania kitu unakificha. Akikwambia hakitaki, unaanza kukitazama mara mbili. Akanambia, "Deki langu lishakufa."

"Deki nitaleta mie."

"Na baba yako?"

"Nitamleta vilevile. Atakaa majlis na pazia chini. Kashazoea yule."

Jaifar, mume wangu, alilipata deki kwa mwenzake wa kazini, lilikuwa linazuia mlango wa banda la mbuzi usipigwe na upepo. Tulilifuta, tulilipuliza, tukalijaribu na kanda mbovu, likafanya kazi. Vitu vya zamani vina aibu, havitaki kumfedhehesha mtu.

Ijumaa baada ya alasiri tukawa Bustan. Baba kavaa kanzu mpya na kilemba, kama anakwenda kuposa. Nikamkalisha majlis, kahawa na tende mkononi mwake, nikashusha pazia lililo baina ya majlis na sebule, mlango nikauacha wazi. Sebuleni tuko wanawake watupu: mie, Nawar, Bi Balqis, na Anjelina kasimama na sinia, hataki kuondoka. Bi Balqis akaileta kanda mwenyewe, imefungwa ndani ya mtandio, akaitia.

Ikaanza harusi. Ya rabbi, ujana! Nywele zimepulizwa mpaka juu, mabega ya nguo yamejaa sponji, dhahabu mpaka vifuani. Nawar akajiona, akapiga ukelele, "Huyo ni mie? Kiuno kile kilikwenda wapi?" Tukacheka. Akapita mmoja aliyekufa, tukanyamaza, tukamrehemu. Akapita mwingine. Bi Balqis akawa anawataja mmoja mmoja kwa sauti ndogo. Nyuma ya pazia Baba alikohoa tu, kwa heshima, kutujulisha kuwa yupo na hana lake.

Harusi ikafika pale. Kwenye kioo watu wanatoa njia, mtu anataka kuinuka, unaona upindo tu wa nguo yake, rangi ya zambarau. "Ndiye huyo," Bi Balqis akasema. Na hapo hapo picha ikapasuka mistari, ikazima, ikawaka: nyumba yenye milango miwili na makochi yetu.

Bi Balqis akainuka. "Nakwenda kutia chai."

"Keti, da Balqis," nikamwambia. "Chai ipo."

"Mama, hebu kaa," Anjelina akamwambia na sinia yake. "Nimeacha pasi kwa ajili hii."

Akakaa, uso kaugeuzia dirishani.

Kipindi cha mwisho cha Mlango wa Pili ni harusi ya binti wa Bi Zuwena. Nilikuwa nimesahau. Nilisahau jinsi tulivyocheka pia, maana bwana harusi kakosea mlango, kaingia wa wanawake, akatimuliwa kwa miko. Nawar akacheka. Anjelina, asiyejua Kiarabu cha maana, akacheka zaidi yetu. Na nyuma ya pazia kukawa kimya, kimya cha mtu anayehesabu vicheko. Nilimwonea uchungu baba yangu: watu wanacheka kazi yake baada ya umri wote huo, naye amekaa anatazama kitambaa.

Kisha likaja lile la kuagana. Bi Zuwena peke yake na binti yake, uani. Akaketi kwenye kigoda, akapiga goti lake kwa kiganja, na bangili zikalia.

Bi Balqis akageuka kutoka dirishani.

"Sikia we," Bi Zuwena akasema, kwa Kiswahili, na bangili zikalia tena. "Mie sikupi wasia wa kukaa na mume. Huo utapewa na kila mpita njia. Mie nnakupa langu. Ukifika kwako, mlango wa mbele mwachie mumeo apokee wageni wake. Wa pili usiutie komeo. Siku nikija sitabisha hodi, nitaingia kwetu. Na siku nitakapokuwa siji tena, usiutie komeo vilevile. Utanisikia."

Bi Balqis kajishika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yanapita juu ya vidole na hayafuti.

"Ndiyo hayo," akasema. "Neno kwa neno. Ndiyo aliyonambia. 'Sikia we.' Na bangili, Manal, sikia bangili! Alikuwa hawezi kusema neno zito bila ya kupiga goti." Akaivuta rimoti akaisimamisha picha, Bi Zuwena na kiganja hewani. "Kayapata wapi? Yalikuwa ya harusini. Yalikuwa ya wanawake."

Akatazama pazia. Pazia likajibu, kwa sauti ya baba yangu.

"Alimhadithia mama yangu, binti yangu. Baada ya harusi, wanadarizi. Alisema vile alivyokwambia, sauti ikamkatika, na bangili zikanyamaza. Mie nilikuwa upande huu. Niliyaandika siku ileile, sikubadilisha hata moja. Ile miaka yote, Bi Zuwena alikuwa ni yeye. Sikumwambia mtu. Ni maneno ya mwanamke wa watu, nitasemaje nimeyachukua?"

Nilijua kinachofuata kinaweza kuwa lolote, na nikajitayarisha kumshika Baba mkono tuondoke. Lakini Bi Balqis alikuwa anafikiri jambo jingine.

"'Rikodi wewe, rikodi,'" akasema taratibu. "Nilidhani kachizika na kipindi. Alikuwa anajisikia mwenyewe." Akacheka, na kilio kimo ndani ya kicheko. "Alijijua! Mama alijijua, ndiyo maana akataka kirikodiwe! Na mie nakipeleka mbele. Ya rabbi, umri wangu wote nampeleka mbele mama yangu."

Akainuka. Akajitanda vizuri, akasogeza pazia kwa mkono wake.

"Ami Khattab, ingia."

"Humo mna harusi," Baba akasema.

"Harusi imesimama. Aliyepo ni Bi Zuwena tu. Ingia umwone."

Nikamshika mkono nikamleta. Bi Balqis mwenyewe akamvutia kiti mpaka mbele ya kioo, akarudisha kipindi mwanzo kwa uangalifu, akabonyeza. Baba akapinda shingo. Pua inakaribia kugusa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona anatazama televisheni kimya.

Baadaye akasema, "Namwona. Namwona Zuwena. Yule na leso ya manjano." Na mie nikaangua kilio cha kitoto pale, sikuona haya.

"Hakufanana na mama hata kidogo," Bi Balqis akamwambia. Alikuwa ameketi chini, ubavuni kwake. "Mama alikuwa mfupi."

"Mie nitajuaje? Sikumwona hata siku moja."

"Alikuwa akijua kuwa unamsikiliza?"

Baba akatabasamu. "Mwanzo, hapana. Baadaye nikaona kila akifika penye neno zuri anapandisha sauti."

"Huyo ndiye mama," Bi Balqis akasema.

Yakaja tena yale ya uani, kigoda, goti, bangili. Baba akawa anayasema pamoja na Bi Zuwena, midomo tu, bila ya sauti, na Bi Balqis naye midomo tu. Binti akatoka kwa mlango wa pili, Bi Zuwena akabaki anautazama. Hapo Baba akanyanyua kiganja akajifunika macho, maana alijua kwa moyo pale picha inapokwisha na harusi ya wanawake wa watu inapotaka kuanza.

"Kata," akasema.

Bi Balqis akabonyeza. Kioo kikawa cha buluu.

"Nishazima, ami. Fungua macho."

"Ya nini?" Baba akasema, kiganja kiko palepale. "Nishamwona, alhamdulillahi. Sasa nnataka kumsikia."

Na Bi Balqis akaikamata rimoti kwa mikono miwili, akairudisha kanda nyuma.